Sura Iliyobaki Kibomet

Kovu ndilo lililotangulia kuondoka.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa pili wa mwaka wa 2008, kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Kitale, ambako watu waliofukuzwa makwao baada ya uchaguzi walikuwa wamepigiwa mahema. Wamboi, aliyekuwa akiuza mboga sokoni kabla ya hayo yote, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akimsuka mwenzake wa hema, Nyaruai. Alipomwinua kidevu ili aanze laini ya mbele, aliona kwamba juu ya jicho la kushoto, mahali ambapo siku zote palikuwa na kovu lililopinda kama mundu, ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto.

"Kovu yako imeenda wapi?" aliuliza.

Nyaruai alipapasa kwa kidole. Alisema hajui, labda aliliacha nyumbani.

Wamboi aliendelea kusuka. Pale kambini kila mtu alikuwa ameacha kitu nyumbani. Mzee Kinyua, ambaye nyumba yake iliteketea huko Kachibora, alikuwa akizungumza moshi mwembamba ukimtoka kinywani, na watu walikuwa wamezoea kumketisha upande ambako upepo unaelekea ili asiwakohoze watoto. Mwanamke mmoja wa mahema ya nyuma alitembea kwenye tope bila kuacha unyayo. Wahudumu waliwapa blanketi kama wengine.

Kovu lile Nyaruai alilipata kwa hendeli ya kuwashia trekta. Kutoka Kibomet hadi Kachibora hapakuwa na mkulima asiyejua trekta yake, nyekundu, kuukuu, aliyoinunua kwenye mnada wa shamba kubwa lililofungwa, akaifungua yote uani kwake na kuifunga tena peke yake. Baba yake, mzee Kang'ethe, alitoka Nyeri miaka ya makazi mapya, baada ya uhuru, akanunua shamba Kibomet. Alipofariki, shamba lilibaki kwa binti, kwa kuwa kaka yake, Kimotho, alikuwa ameomba fungu lake mapema, akaliuza na kufungua duka la spea mjini. Nyaruai alilima shamba lake, kisha akawalimia wengine. Wanaume waliosema hawawezi kuongea biashara na mwanamke walisema hivyo mpaka mawingu ya mwezi wa tatu yalipokusanyika juu ya mlima Elgon, halafu wakaja wenyewe. Wote walimwita Mama Trekta, ingawa hakuwa na mtoto. Wanawake wa kanisani walipomuuliza ataolewa lini, aliwajibu kwamba bado hajapata mwanamume anayeweza kurudisha trekta nyuma ikiwa na trela.

Wakhungu alikuja mwaka wa 2004. Alikuwa fundi wa kuchomelea kutoka Bungoma, aliyehamia Kitale kutafuta kazi. Plau ya Nyaruai ilikuwa imepasuka kwenye jiwe shambani kwa Kiplimo, jirani yake, na fundi wa kila siku alikuwa mgonjwa. Wakhungu hakumwambia kwamba kazi ile si ya wanawake. Alimuuliza alijuaje kwamba chuma kingepasukia upande ule, na alipomweleza, alisikiliza mpaka mwisho. Moto wa kuchomelea ulikuwa umemharibu macho, kwa hiyo alikuwa na mazoea ya kukitazama kitu kwa vidole kwanza. Alikipapasa chuma chote, ufa wote, ndipo akawasha moto wake. Alipomaliza alikubali chai. Wiki iliyofuata alirudi kuona kama kazi yake imeshika, na ilikuwa imeshika.

Mwaka haukuisha kabla hajahamia kwa Nyaruai. Jioni, wakiwa wamekaa nje, alikuwa akimpapasa Nyaruai uso, kutoka kwenye paji hadi kidevuni, polepole, kovu, nyusi, pua, mwanya wa meno. Alisema anataka kumjua hata kama macho yatakufa kabisa. Hakuna mtu aliyewahi kumtazama Nyaruai hivyo. Nyaruai alijifunza kupika kuku wa kienyeji jinsi watu wa Bungoma wanavyompenda. Alijifunza kungoja mtu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akaona kwamba lina utamu wake.

Msimu mmoja alishikwa na kikohozi, Wakhungu akaendesha trekta badala yake. Kikohozi kilipoisha, Wakhungu alisema watu wa kwao wanamcheka, ati anakula jasho la bibi. Hakulalamika, alisema tu, kisha akanyamaza siku kadhaa. Nyaruai alimpa ufunguo wa trekta. Alibaki nyumbani na kuku na ng'ombe, na majirani wakasema sasa Mama Trekta amekuwa mtu.

Mwaka wa 2007 ulipokaribia kuisha, watu wenye majina ya Kikuyu kama la Nyaruai walianza kuambiwa sokoni kwamba waanze kufunga mizigo. Wakhungu ndiye aliyetoa wazo. Shamba na trekta vikiandikwa jina lake, alisema, nani atavigusa?

"Ni jina tu," alisema. "Si mimi na wewe ni kitu moja?"

Kimotho aliposikia alikuja mbio kutoka mjini kumkataza dada yake. Nyaruai alimwambia kwamba yeye aliyeuza fungu lake hana mdomo wa kumfunza mtu kulinda shamba. Waliachana hapo bila kuagana. Siku ya kuandikisha, Nyaruai mwenyewe ndiye aliyemshika Wakhungu mkono kuingia ofisini, na akaweka sahihi bila kusukumwa. Inawezekana kwamba siku ile Wakhungu alikusudia alichosema.

Nyumba za jirani zilipoanza kuungua, Wakhungu alimpakia kwenye trela pamoja na godoro na sufuria, akampeleka uwanja wa maonyesho kabla giza halijaingia. Alilia. Alimpapasa uso kwa muda mrefu, kana kwamba anahesabu kitu, kisha akarudi kulinda nyumba. Jina lake lilifanya kazi. Vijana walifika langoni, wakaulizana hapa ni kwa nani, wakapita.

Mwanzoni alimletea maziwa na viazi kila alfajiri. Baadaye akaja siku za soko peke yake. Kisha siku ya soko ikapita, na nyingine, na kovu likaondoka.

Mwanya wa meno ulifuata. Nyaruai aliuhisi kwa ulimi ukijifunga, kama mlango unaosukumwa taratibu. Kisha nyusi, kisha pua. Wamboi alimpa habari jinsi mambo yalivyokwenda, kwa sababu hema lao halikuwa na kioo. Kufikia mwezi wa tatu, mhudumu wa unga alimuuliza yeye ni mgeni wa nani, na Wamboi akalazimika kusimama karibu naye kila mara kwenye foleni na kusema, huyu ni yule yule. Siku moja maji ya beseni yalipotulia Nyaruai alijitazama. Alikuwa na paji pana, midomo mizito, na baka jeusi chini ya jicho la kulia. Ilikuwa sura nzuri. Haikuwa yake.

Mwezi wa nne, viongozi walipokuwa wamekubaliana na watu kuanza kurudi walikoweza kurudi, Nyaruai alikunja blanketi lake, akamuaga Wamboi, akatembea hadi Kibomet.

Alimkuta mwanamke ameinama karibu na tangi la maji, akiwamwagia kuku mahindi. Alipoinuka, Nyaruai aliona kovu lake. Aliona mwanya wake, nyusi zake na ile namna ya kukunja jicho moja kwenye jua. Alihisi kama mtu anayepita mbele ya kioo cha dukani. Alipeleka mkono kichwani kutengeneza kitambaa. Mwanamke yule hakupeleka wake.

"Karibu, mama," mwanamke alisema. "Ni kazi unatafuta? Kupanda tumemaliza, na palizi bado."

Nyaruai alisema kwamba yeye ni Nyaruai, binti wa Kang'ethe, na hapa ni kwake. Mwanamke alimjibu bila ubaya kwamba Nyaruai ni yeye. Alilisema kama mtoto anayesema shairi alilofunzwa shuleni, akiangalia chini. Kisha akamwita Wakhungu.

Wakhungu alitoka nyuma ya nyumba akijipangusa grisi. Alimtazama mmoja, akamtazama wa pili.

"Bibi yangu ni huyu," alisema. "Muangalie mwenyewe."

Alimsindikiza mgeni hadi langoni, kama inavyotakiwa. Pale ambapo ua wa kayaba uliwakinga wasionekane kutoka nyumbani, alinyoosha mkono akampapasa uso, kutoka kwenye paji hadi kidevuni, mara moja, haraka.

"Nyaruai," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe enda tu. Mambo imeshakuwa."

Njia nzima kutoka kambini Nyaruai alikuwa amejiandaa kukutana na mume asiyeweza kumtambua. Alikuwa amepanga atakayomkumbusha, hata utani wao wa siri. Hakuwa amejiandaa kutambuliwa. Alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa naibu wa chifu.

Naibu wa chifu, Bwana Kemboi, alimsikiliza kwa subira na kuwaita wahusika. Mwanamke wa Kibomet alikuja na kitambulisho ambacho Nyaruai alikisahau kabatini siku ya kukimbia. Bwana Kemboi alikiweka kando ya uso mmoja, kisha kando ya ule mwingine. Alisema anaona mama amechoka na ameteseka, lakini serikali inakwenda na sura. Nyaruai aliomba wote wawili wapandishwe kwenye trekta. Bwana Kemboi alifikiri, akasema hilo ni wazo la haki. Hapo Kiplimo, aliyeitwa kuwa shahidi, alinyanyua mkono. Alieleza kwa heshima kwamba Mama Trekta hajakalia trekta tangu aolewe, mtaa mzima unajua, na mkono wa mtu husahau. Huyu akishindwa haitaonyesha kitu. Aliongeza kwamba wao kama majirani walifurahi kuona ametulia.

Alichosema Kiplimo kilikuwa kweli. Mwanamke wa kulisha kuku na kungoja mtu jioni, yeyote angeweza kukaa mahali pake, na yeyote alikuwa amekaa.

Nyaruai alikwenda kwa kaka yake. Kimotho alimhudumia kama mteja, akamuuliza anataka spea gani. Nyaruai alisema yeye ni dada yake. Kimotho alimtazama ile midomo na lile baka, kisha akamuuliza baba yao alikuwa akimwitaje.

"Maitu," Nyaruai alisema. Mzee Kang'ethe alimwita hivyo, mama yangu, kwa kuwa alipewa jina la mama wa mzee.

Kimotho aliegemea kaunta akalia. Alimwamini, na alimwambia kwamba anamwamini. Baadaye alipangusa macho akaeleza mambo yalivyo. Yule wa Kibomet alikuja Pasaka na bwanake, wakaleta parachichi kwa watoto, wakaomba msamaha kwa yale maneno ya mwaka uliopita. Wakhungu alikuwa amemkatia kipande cha chini karibu na mto apande viazi.

"Wewe hukuwahi kunipa hata kipande," alisema. "Yeye amenipa. Na ana uso wa dada yangu. Unataka nifanye nini sasa?"

Alimnunulia soda na mkate. Alimwomba kwamba akija tena aje mchana, kwa kuwa mkewe huogopa watu asiowajua.

Ilibaki ukoo wa mume. Kwa desturi za watu wote anaowajua, mke aliyedhulumiwa huwaendea wakubwa wa mumewe, na Wakhungu alikuwa na kaka mkubwa Bungoma, Khisa, karani mstaafu wa serikali. Nyaruai hakuwahi kufika kwao. Kila walipopanga safari, mvua ilikuwa imeharibu barabara, au kulikuwa na msiba, au trekta ilikuwa na kazi.

Aliposhuka Bungoma, mwanamume aliyekuwa akipanga viatu vya mitumba juu ya turubai alimwita kwa furaha.

"Phelista! Ati ulitutupa hivyo?"

Nyaruai alimsalimia, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kukataa salamu. Hatua chache mbele mwanamke mwingine alimwita jina hilo hilo, akamuuliza kama Kitale kumetulia. Alipofika kwa Khisa alikuwa ameanza kulizoea.

Khisa alikuwa barazani akisikiliza redio. Hakuinuka.

"Umerudi," alisema. "Na bwana yako amebaki?"

Kabla Nyaruai hajafungua kinywa, Khisa alimwambia kwamba si vizuri mwanamke kuacha mtoto kwa nyanya miezi yote hiyo, hata kama bwana ameita. Mtoto analia shuleni. Afadhali apitie Kimilili kwa mama yake kwanza, mengine yatazungumzwa.

Nyaruai alielewa yote akiwa amesimama, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae. Phelista alikuwa mke wa Wakhungu aliyelipiwa ng'ombe, wa tangu zamani. Alikuwa Kimilili kwa mama yake na mtoto wake ile miaka yote ambayo yeye, Kibomet, alikuwa akijifunza kupika kuku. Nyumba ilipobaki bila mwanamke, Wakhungu alimtuma mtu amlete.

Hakumwambia Khisa lolote. Alikwenda Kimilili kwa sababu hapakuwa na mahali pengine alipotumwa.

Mama wa Phelista aliitwa Nasambu. Alikuwa akianika mahindi uani. Alimwona mtu akiingia langoni na uso wa binti yake, akaacha reki ikaanguka, akaja mbio kadiri miguu yake ilivyomruhusu. Alimshika mikono. Kisha akaigeuza, akaitazama viganja, akapitisha dole gumba kwenye sugu za miaka ya usukani na spana.

"Wewe si mtoto yangu," alisema.

"Hapana," Nyaruai alisema.

"Yangu iko wapi?"

"Kibomet. Kwangu."

"Na saa hii ana sura gani?"

"Yangu."

Nasambu alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua imenyesha upande wa pili wa mlima. Phelista alikuwa ameondoka mwezi wa kwanza akisema anaitwa na bwanake kwa muda mfupi, na kwamba atamrudia mtoto shule zikifunguliwa. Nasambu aliokota reki yake, akaiegemeza ukutani.

"Karibu ndani," alisema. "Jua ni kali."

Walikuwa wakinywa uji mtoto alipotoka shule. Aliitwa Nanjala, na alikuwa amepoteza meno mawili ya mbele. Alitupa mfuko chini, akaja akaukumbatia mguu wa Nyaruai, akaficha uso wake kwenye sketi. Nasambu alimtazama Nyaruai juu ya kichwa cha mtoto.

"Sema kitu," alimwambia taratibu. "Kitu yoyote tu."

Nyaruai hakuwahi kuzungumza na mtoto kwa muda mrefu. "Umekula?" aliuliza.

Nanjala alisema amekula, kisha akaanza kusimulia yaliyotokea tangu mwezi wa kwanza, yote, mpaka jua likatua.

Nyaruai alibaki. Hakuna aliyemwomba rasmi na hakuna aliyemfukuza. Alipalilia mahindi ya Nasambu, akabeba nyanya sokoni Kimilili, akamsuka Nanjala vibaya, mpaka alipojifunza. Alikwenda kwa mwalimu mstaafu mmoja, Wabwile, aliyekuwa na trekta na hakuwa na dereva, akamwomba kazi. Wabwile alicheka kwa upole. Alisema anamjua Phelista tangu akiwa darasani, mtoto aliyeogopa hata baiskeli, na hawezi kumkabidhi chuma chake. Nyaruai alimwomba ampe nafasi awashe tu. Wabwile alimwambia asimvunjie heshima mama yake kwa mambo kama hayo.

Alikwenda pia kwa wakili mmoja Bungoma mjini, aliyesikiliza hadithi nzima bila kukunja uso. Wakili alisema kesi kama hizo zilikuwa nyingi mwaka ule. Alisema ugumu wake ni kwamba sahihi ni yake kweli, hakushikiwa kisu, na mlalamishi angehitaji kwanza kuthibitisha kwamba ni mlalamishi.

Mwezi wa tisa sugu za mikono zilianza kulainika. Nasambu ndiye aliyeziona, wakipukuchua mahindi. Alisogeza ungo wake karibu zaidi, wakaendelea.

Krismasi, Wakhungu alikuja kuwasalimia wakwe. Alikuja na mkewe, na mbuzi, na unga wa ngano, na kilo za sukari. Alikuwa amenenepa kidogo. Nasambu alimpokea mkwe wake kama mkwe anavyopokewa, bila kumpa mkono. Kisha akamgeukia yule mwanamke mwenye kovu juu ya jicho, akaishika mikono yake, akaitambua, akaishikilia muda mrefu.

"Nanjala," mwanamke alisema. "Kuja unisalimie."

Nanjala alikuja akampa mkono kwa adabu, kama mgeni, kisha akarudi nyuma ya Nyaruai.

"Mama," alimnong'oneza, "huyu mgeni analia."

Nyaruai alisema mgeni amechoka na safari. Aliangalia macho yake mwenyewe yakitiririka machozi kwenye uso wa pili. Hakuwahi kujua kwamba akilia pua yake huwa nyekundu kiasi kile.

Wakhungu alikula vizuri. Alisimulia mavuno ya Kibomet, ambayo yalikuwa mazuri licha ya yote, na mpango wa kununua trela kubwa zaidi. Aliuliza Nanjala yuko darasa gani. Aliposhiba, alikwenda kukaa kivulini na wazee wa jirani, na wanawake wawili wakabeba vyombo hadi nyuma ya jikoni.

Phelista ndiye aliyeanza kuzungumza.

"Alituma mtu akaniambia amepata nyumba, nikuje sasa niishi kama watu," alisema. "Akasema wewe ulirudi kwenu Nyeri. Kila jioni alikuwa ananishika uso. Nikajua ni mapenzi."

"Mimi pia," Nyaruai alisema.

"Siku moja nikaangalia kioo nikakuona. Nikamwambia. Akasema hivyo ndivyo vizuri, hakuna mtu atauliza maswali." Alisuuza sufuria, akamwaga maji kwenye migomba. "Hakuniambia mtoto hatanijua."

Nyaruai aliipokea sufuria akaiinamisha ikauke.

"Turudishiane," Phelista alisema.

Hakuna aliyejua inavyofanywa. Walipangusa povu mikononi, wakasogeleana, na kila mmoja akampapasa mwenzake kutoka kwenye paji hadi kidevuni, polepole, kama walivyokuwa wamepapaswa. Walingoja. Kuku alipita katikati yao akidonoa makombo. Uso wa Nyaruai ulibaki pale ulipokuwa, umbali wa mkono mmoja, ukimtazama.

"Na shamba?" Nyaruai aliuliza.

"Ni yake. Si uliandika?"

"Hata tungerudishiana, ningerudi na hiyo sura wapi?"

Phelista alifikiri. Alisema yeye naye hawezi kubaki Kimilili, kwa kuwa ng'ombe wa mahari waliliwa zamani na Khisa hatakubali. Wakhungu akimkosa angetafuta mwingine, na huyo mwingine angekaa na uso wake mwenyewe kwa muda tu.

"Umfundishe kusoma," alisema. "Anaogopa hesabu. Mimi pia niliogopa."

"Namfundisha."

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya migomba. Upande wa mbele wa nyumba sauti za wazee zilikuwa zikiagana. Kisha Wakhungu akaita, kwa sauti ya mtu aliyeshiba na asiye na haraka sana.

"Nyaruai! Twende, giza inaingia."

Wanawake wote wawili waliinua vichwa. Phelista alipangusa mikono kwenye sketi, akatengeneza kitambaa, akaenda.

Nyaruai alibaki ameinua kichwa hivyo hivyo kwa muda. Alisikia Nanjala akiambiwa awapungie wageni mkono, na Nanjala akipunga, akiwatakia safari njema. Kisha akachukua sahani ya mwisho, iliyokuwa ya Wakhungu, akaisugua mafuta yake mpaka yakatoka.